Tuzo imekukosea nini mpaka uishinde?

Msomaji wa Morogoro kaniuliza: "Shikamoo mwalimu, eti 'mshindi wa pili' ni Kiswahili kweli? Si mshindi ni mmoja tu, hao wengine wote wameshindwa?"

Marahaba. Ni Kiswahili, kitumie bila wasiwasi. Kushinda kunataka mtu wa kushindwa, basi. Olimpiki ya Moscow 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mkimbiaji wetu Filbert Bayi kaongoza weee mpaka mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akampita. Bayi kashindwa na Malinowski, ila kamshinda Eshetu Tura wa Ethiopia na wote waliokuja nyuma yake, sasa huyo si mshindi wa pili ni nani? Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni na wale watakaoniandikia Bayi "alishinda medali ya fedha". Alishinda nini? Medali ilikuwa inakimbia nayo? Bayi anashinda watu. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974, mita 1,500, kamshinda John Walker wa New Zealand, kaweka rekodi ya dunia 3:32.2, na Walker mwenyewe kaja na 3:32.5, chini ya rekodi ya zamani, na bado kashindwa! Medali yeye aliipata, aliitwaa, aliinyakua, chagua unalotaka, maneno yapo kibao. Tena kwetu kitu kikishindwa na mtu maana yake mtu huyo kakiweza, kama ugonjwa au usingizi, na kinyume chake tunasema kazi imemshinda, mtoto kamshinda mama yake. Sasa "kashinda tuzo" ndo kaifanyaje, kaitia adabu?

Shinda lenyewe ni Kibantu chetu, halikushuka na jahazi, na lina kazi nyingi, umeshindaje, kashinda njaa, mrefu kushinda kaka yake, sitaki kukaa sana hapo.

Maana kuna linaloniumiza zaidi. "Msanii huyu ameshinda mioyo ya Watanzania." Kila wiki nalisikia redioni, mtangazaji analitamka kwa madaha kabisa, na mimi najiuliza mioyo yetu ilikuwa inacheza ligi gani mpaka ikafungwa. Ni Kingereza kimevalishwa kanzu tu. Sisi tuna kukonga nyoyo, neno tamu, fupi, lina kina, bibi yako analijua, wewe uliyesomea uandishi wa habari hulijui? Kakonga nyoyo za mashabiki. Sema hivyo uone kama kuna mtu atakuuliza unamaanisha nini.

Kushinda kesi na kushinda uchaguzi nishachoka kupigana navyo, vimeingia mpaka bungeni, endeleeni tu.

Ila niwape haki yao watu wa promosheni, hawa tunaowalaumu kila siku kwa kuharibu lugha. Wao wanaandika "Jishindie pikipiki!" na wako sawasawa kabisa, maana unawashinda wenzako kisha pikipiki unaipata wewe, neno lenyewe limebeba yote. Juzi tu nimeona bango wamefupisha, "Shinda pikipiki". Labda "shinda na pikipiki" ningewaelewa, ukae nayo kijiweni mchana kutwa ukisubiri abiria.