Nikisafiri, mbuzi nimwachie nani?

SWALI: Habari za kazi. Nafuga mbuzi hapa Mlandizi, ishirini na kitu hivi, watatu kati yao wa maziwa. Mwezi ujao naenda Bukoba kwenye harusi ya mdogo wangu, ntakaa kama wiki tatu. Mara ya mwisho nilimwachia mtoto wa dada yangu, narudi nakuta wawili hawapo, ati wamekufa, hata ngozi sikuonyeshwa. Mtu wa kuaminika nampata wapi? – Mama Z.

JIBU: Pole sana dada. Huyo mpwa mwache apumzike, akija aje kusalimia tu. Mtafute mtu wa hapohapo jirani ambaye mbuzi wake mwenyewe wana afya, na ukitaka kumjua muulize afisa mifugo wa kata, yule anaingia mazizi ya watu anajua nani anachanja na nani akisikia chanjo anajificha. Barua ya serikali ya mtaa na kopi ya kitambulisho chukua, sawa, ila karatasi haikamui mbuzi.

Mwite kabla hujasafiri, mlipe hizo siku, we kaa pembeni umwangalie tu. Akifungua zizi asubuhi anahesabu? Anamuona yule aliyebaki kalala wakati wenzie washatoka? Anakamua mpaka maziwa yanaisha au anawahi kuondoka, maana maziwa yakibaki kwenye kiwele kila siku ndo mwanzo wa kuvimba, utarudi ukute chuchu moja haitoi kitu. Pumba fungia stoo umwachie kopo la kupimia, mbuzi akivamia gunia tumbo linajaa gesi na anaweza kufa siku hiyohiyo. Angalia pia wenye mimba, wanabeba kama miezi mitano, kwa hiyo hesabu nani atazaa ukiwa harusini na umwambie kitoto kinyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama akishazaa, masaa yaleyale ya mwanzo, kisisubiri kesho.

Hilo la ngozi sasa. Wengi wanaweka sharti "akifa nionyeshe ngozi", mi siungi mkono kabisa. Mbuzi akifa ghafla na damu inatoka puani au nyuma inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoambukiza hadi watu, na huyo hachunwi wala haliwi, anayemchuna anaweza kuugua yeye mwenyewe. Wavalishe heleni zenye namba, akifa mmoja akupigie video uone heleni masikioni, hapohapo amwite afisa mifugo. Anayetaka kula mbuzi wako hapendi kabisa hiyo ya kumwita mtu wa tatu.

Hela ya dawa iache pembeni na umruhusu kuitumia bila kukuuliza, homa ya mapafu haisubiri mpaka ushike simu ukumbini. Malipo yake mpe nusu unapoondoka, nusu mkishahesabu wote wawili zizini. Na bei mtaje kabisa, akikwambia "utanipa chochote mama" tafuta mwingine.