Barua kwa mwanangu: huyo Dicks uliyeniuliza, na kazi ya serikali

Mwanangu mpendwa,

Huku wote wazima, baba yako magoti yametulia na anakusalimu sana. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, na ile picha ya mnara wenye simba juu pale karibu na uwanja wa Place d'Armes, huko mjini Luxembourg, nimemwonyesha kila aliyekuja hapa nyumbani. Uliniuliza huyu Dicks aliyeandikwa hapo pamoja na Lentz ni nani hasa, mwanasiasa au mwandishi, afu ukamalizia kwa kusema hivi mama mtu ukishaingia serikalini bado unaweza kuandika au ndo basi tena. Najua hilo la pili ndo swali lenyewe, kwa sababu ile ofa ya kazi ya serikali Dodoma iko mezani na ile tamthilia yako haijaisha. Nimekaa nikasoma, sasa ngoja nikujibu kwa kirefu, usichoke.

Jina lake la nyumbani ni Edmond de la Fontaine, Dicks ni jina la kuandikia. Kazaliwa hapohapo mjini Luxembourg tarehe 24 Julai 1823. Mwanasiasa hasa alikuwa baba yake, Gaspard-Théodore-Ignace de la Fontaine, mwanasheria aliyekuwa gavana, na 1848 walipopata katiba mpya akawa kiongozi wa kwanza wa serikali, japo alikaa kama miezi minne tu, Agosti mpaka mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo huyu kijana kakulia kwenye nyumba ya siasa, chakula kinaliwa huku mambo ya nchi yanazungumzwa, na alipokua akapelekwa kusoma sheria, Liège kwanza halafu Heidelberg, kama wewe tu ulivyopelekwa huko. Na mwaka uleule wa 1848, baba ndiye mkuu wa serikali, mtoto ana miaka 25, akatoa shairi la kuchekesha kuhusu ndege waliokusanyika msitu wa Gréngewald kufanya bunge lao! Yani nchi nzima inajadili katiba na uwakilishi, yeye anawapa nafasi ya kujicheka kupitia ndege. Mimi hapo ndo nilipoanza kumpenda.

Lakini uzito wa jambo lenyewe hauwezi kuuona mpaka ujue nchi ilikuwaje. 1839 Luxembourg ilikatwa, upande wa magharibi ambao ndo ulikuwa mkubwa zaidi ukapewa Ubelgiji, kipande kilichobaki mtawala wake ni mfalme wa Uholanzi, na mjini ngomeni wamejaa askari wa Prussia, ile dola ya Kijerumani. Ofisini na mahakamani mtu mwenye shule anaandika Kifaransa, gazeti analisoma kwa Kijerumani, na kile wanachoongea jikoni na sokoni na kwenye mashamba ya mizabibu kinaonekana ni lahaja ya Kijerumani ya watu wa chini, hakuna aliyefikiri kinaweza kupanda jukwaani. Sasa hapo anakuja wakili, mtoto wa kiongozi wa nchi, ambaye Kifaransa anakijua na Kijerumani anakijua, mwaka 1855 anaandika mchezo wenye nyimbo ndani yake, unaitwa De Scholtschäin, na wote humo ndani wanaongea Kiluxembourg mwanzo mpaka mwisho. Ndo mchezo wa kwanza kuchezwa jukwaani kwa lugha hiyo. Hebu fikiria wale watu waliokaa ukumbini siku ile wakisikia maneno ya bibi zao yanatoka jukwaani, mbele ya waheshimiwa.

Na nataka uangalie hapo kwa makini wewe kama mwanasheria, maana Scholtschäin ni hati ya deni. Karatasi ya kawaida kabisa ya ofisi ya wakili, inayopita mezani kila wiki, yeye kaifanya ndo jina la mchezo. Hakwenda kutafuta wafalme wala mashujaa wa zamani. Wewe uliwahi kuniambia kazi ya sheria itakukausha, mimi naona huyu bwana kazi ya sheria ndo iliyomlisha, watu wanakuja kwa wakili na deni, na urithi, na ugomvi wa mpaka, na posa zilizovunjika, nani mwingine anasikia maisha ya watu hivyo kwa karibu?

Mwaka huohuo 1855 akatoa kijitabu cha kupendekeza namna ya kuandika hiyo lugha, herufi gani itumike wapi. Mimi niliyefundisha Kiswahili sekondari miaka yote ile hapa nilisimama kidogo. Kwa sababu lugha inayosemwa tu kila mtu anaiandika anavyoisikia, huyu hivi yule vile, na mchezo unahitaji waigizaji washike karatasi wasome kitu kimoja, kwa hiyo mtu anayeandika tamthilia ni lazima aamue. Sio lazima akubaliwe lakini aamue. Halafu 1857 na 1858 akatoa methali na misemo ya watu wake, baadae mashairi ya watoto 1877, hadithi za kale 1882, mila na desturi 1883. Nyimbo za michezo yake nyingi katunga mwenyewe. Yani alikuwa anaokota kila kitu, na alichookota alikiandika.

Sasa tuje kwenye kazi ya umma, maana uliuliza. Hapo sitampamba. Alihamia Stadtbredimus, kijiji kwenye mto Moselle, ng'ambo ya mto ni Ujerumani, wakati huo yuko kwenye lile jumba la kifahari la pale, na kuanzia 1867 mpaka 1870 akawa meya. Meya wa kijiji cha mizabibu mwanangu, sio waziri. Mwaka alioanza umeya ndo mwaka mataifa makubwa yalikutana London wakakubaliana Luxembourg isiegemee upande wowote, askari wa Prussia waondoke na ile ngome ivunjwe, kwa hiyo nchi ilikuwa inapumua upya. Baadae akawa hakimu wa mahakama ndogo huko Vianden, mji ule mdogo chini ya kasri, hapohapo Victor Hugo alipokaa mwaka 1871. Akafia hapo tarehe 24 Juni 1891. Wewe ni msomi utaniambia mama kumbe hakuwa na cheo kikubwa, ndio, hakuwa nacho, baba yake ndo alikuwa nacho. Ila niambie kwenye huo mnara wa 1903 uliopiga picha ni jina la nani limeandikwa.

Na hao wenzake je? Huyo Lentz aliye naye kwenye mnara, Michel Lentz, ndo aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa wa hao watu, na yeye alikuwa mtumishi wa serikali kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Wa tatu anaitwa Michel Rodange, alianza ualimu akahamia idara ya ujenzi, mtu wa barabara, na 1872 akatoa utenzi mrefu wa mbweha unaowasema wakubwa wa nchi. Wakati wa uhai wake haukununuliwa sana, leo hao watatu ndo wanatajwa pamoja kama wazee wa fasihi ya pale. Hesabu mwenyewe, hakimu, mkaguzi wa hesabu, mtu wa barabara! Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakula kwa kalamu peke yake. Hapa kwetu Mwalimu alitafsiri Shakespeare akiwa Ikulu, na kazi za Ikulu unazijua, kwa hiyo hiyo habari ya kwamba muda hautoshi mimi siikubali.

Kuna jambo jingine limenigusa mno na ndo lililonifanya niandike usiku huu. Lugha hiyo iliingia shule za msingi 1912, Dicks keshakufa miaka zaidi ya 20. Halafu Oktoba 1941, nchi iko chini ya Wanazi, watu wakaletewa fomu za sensa, wanaulizwa uraia, lugha ya mama na asili yao, na maelekezo yanasema wazi kwamba Kiluxembourg ni lahaja tu haihesabiwi kama lugha. Watu wakaambizana kimyakimya nyumba kwa nyumba, jibuni Luxembourg mara zote tatu. Wakajibu hivyo wengi mno kiasi kwamba Wajerumani walipochungulia majibu ya mwanzo wakaifuta sensa yenyewe. Sasa siwezi kukwambia ni Dicks aliyefanya hivyo, hapana, ni ujasiri wa watu wenyewe. Ila watu wale walikuwa na nyimbo za kuimba na michezo ya kucheza na vitabu vya kushika kwa lugha hiyo, na aliyeanza kuipandisha jukwaani ni wakili aliyekuwa anatoka kazini. Mwaka 1984 sheria ikaitamka rasmi kuwa ndo lugha ya taifa.

Kwa hiyo mama, nenda Dodoma. Ichukue hiyo kazi, mshahara unauhitaji na nchi inawahitaji watu kama wewe, na usimwombe mtu ruhusa ya kuandika kwa sababu saa za jioni ni zako. Ila mkataba usome vizuri kipengele cha maandishi ya watumishi kabla hujasaini, wewe ndo mwanasheria unajua mahali pa kuuliza. Na ile tamthilia nitumie hizo kurasa zilizopo hata kama mwisho haujaupata, mjomba wako keshaniletea wino wa printa, nitazitoa nizisome na kalamu nyekundu mkononi kama zamani. Yule mama muuza samaki wa sehemu ya kwanza usimwongeleshe Kiswahili cha ofisini, mwache aongee kama wanavyoongea wauza samaki wa Deep Sea, nilishakwambia.

Mamako