Umepangiwa kozi ya modeli za kibayolojia na hesabu yako iliishia BAM? Anza na karatasi

Kuna wadogo zangu wawili watatu wameniuliza wiki hii kuhusu ile kozi ya bayoinfomatiki ya kutengeneza modeli za mifumo ya viumbe kwa kompyuta, na wote swali lao ni moja, nianze na Python au R, zile lugha za kuandikia programu? Mimi naona hilo swali linakuja mapema mno. Nilisoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia), hesabu yangu ya mwisho ilikuwa BAM, ile hesabu ya msingi ya kidato cha tano na sita, na kilichonitesa kwenye hiyo kozi si Python wala si ikwesheni, ni kwamba nilikimbilia kompyuta kabla sijajua nataka kuiambia nini.

Niwape kisa chenyewe. Projekti yangu ilikuwa ya malaria, watu na mbu. Nikasoma mahali kwamba mbu anaishi kama siku 10 hivi, basi nikachukua ile 10 nikaipachika kwenye parameta (namba unayoipa modeli) ya vifo vya mbu nikaendesha programu. Nilianza na mbu 1000, wanaozaliwa nilikuwa bado sijawaweka, naenda kwa hatua ya siku moja moja. Siku iliyofuata mbu wakawa -9000. Iliyofuata tena 81000! Nikakesha siku mbili natafuta kosa kwenye programu, nahamisha mabano, nafuta naandika upya, nikapakua kila kitu tena mpaka bando likaisha, na kosa halikuwa huko kabisa. Ile parameta inauliza kila siku inakufa sehemu gani ya mbu waliopo, na kama mbu anaishi siku 10 jibu lake ni moja ya kumi, yaani 0.1 kwa siku. Mimi nilikuwa nimesema kila siku wanakufa mara kumi ya waliopo. Ningeandika tu "kwa siku" pembeni ya namba kwenye daftari ningeliona kosa hata kabla sijawasha kompyuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kalamu na karatasi. Chora viboksi: watu wasio na vimelea, watu wenye vimelea, mbu wasio navyo, mbu walio navyo. Kisha mishale. Kila mshale ni sentensi, mfano "mbu mwenye vimelea amemuuma mtu asiye navyo na mtu akaambukizwa", na kila sentensi ina namba yake na yuniti yake. Mimi nilikuwa namsomea rumeti wangu aliyekuwa anasoma sheria, mshale mmoja mmoja, pale alipokunja uso nilijua hata mimi sijaelewa, narudi kusoma. Ikwesheni za difrensho zenyewe ni hiyo michoro tu, kinachoingia kwenye boksi toa kinachotoka.

Halafu kabla ya programu fanya hesabu moja kwa kalkuleta ya simu. Kimelea cha malaria kinahitaji kama siku 10 ndani ya mbu (inategemea joto) kabla mbu hajaweza kuambukiza mtu. Tuseme kila siku mbu 90 katika 100 wanaiona kesho, basi piga 0.9 mara yenyewe mara kumi, unapata kama 0.35, yaani mbu 35 tu katika 100 wanafika umri wa kuambukiza. Sasa tuseme vyandarua na dawa ya ukutani vimeshusha ile 90 ikawa 80. Piga tena. Wanafika 11. Hiyo ndiyo hoja aliyoionyesha mtaalamu wa malaria George Macdonald miaka ya 1950, kwamba kufupisha maisha ya mbu mkubwa kunaikata malaria kuliko unavyodhani, na kampeni ya WHO ya 1955 ya kutokomeza malaria kwa dawa ya wadudu ya DDT iliiegemea. Nilikuwa nimelala ndani ya chandarua maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba kinamlinda hata jirani asiyekuwa nacho, mpaka nilipoona 35 na 11 kwenye simu yangu. Hapo ndipo niliipenda hii kozi.

Na msidhani ya mkono ni ya wasiojiweza. Hodgkin na Huxley, waliotoa ikwesheni za jinsi umeme unavyosafiri kwenye neva ya ngisi mwaka 1952, kompyuta ya chuo chao Cambridge haikupatikana wakati huo, Huxley akazikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono wiki kadhaa. Nobel wakapata 1963.

Kuhusu vifaa sina mengi. Python yenye SciPy inatosha, R yenye deSolve inatosha (hizo mbili ni paketi za kukutatulia ikwesheni), na kama kuandika programu bado kunakuogopesha kuna COPASI, unatengeneza modeli bila kuandika programu, ni ya bure. Kompyuta ikiwa nzito tumia Google Colab, programu inaendeshwa mtandaoni. Ila kabla hujatengeneza modeli yako ingia BioModels, hifadhi ya modeli mtandaoni, chukua modeli ya mtu iliyokwisha chapishwa, jaribu kuitoa grafu moja tu ifanane na yake. Usidese ya mwenzako, ukidesa unadesa na makosa ya yuniti zake.

Jambo la mwisho ni jedwali la parameta. Safu nne: jina, thamani, yuniti, imetoka wapi. Siku ya kupresent niliulizwa maswali matatu na mawili yalikuwa "hii namba umeitoa wapi?", na kwa zile ambazo nilikuwa nimekadiria mwenyewe nilikuwa nimeandika wazi kabisa "nimekadiria", kisha nikaonyesha grafu inavyobadilika nikiishusha na kuipandisha nusu. Hawakuniuliza zaidi. Lianzeni wiki ya kwanza, wiki ya kumi na mbili hutakumbuka namba kama 0.005 ilitoka kwenye makala gani.