Mawe ya Kuchaji: Wasomaji Wauliza, Fundi Ajibu

Mwezi uliopita nilisema hapa kwamba kwangu nimeacha kununua mawe (betri) ya kutupa, nimehamia ya kuchaji, nikasema hivyo tu nikapita. Lo! Meseji zikamiminika kama mvua ya mwaka, na wengi mna hasira kweli kweli, ati ya kuchaji yamewasumbua. Nimechagua nne, zingine zafanana na hizi.

Fundi, asalaam aleikum. Nilinunua mawe manne ya kuchaji pamoja na chaja yake, yameandikwa 4800 kwa maandishi makubwa, nikawa nayatia kwa gari la kuchezea la mwanangu na kwa mashine ya kupimia presha ya mamangu. Gari latembea dakika kumi kisha linazima. Mashine ya presha ndo kabisa, yafura mara moja kisha yaandika betri imeisha. Chaja nayo taa yake haizimi, usiku kucha nyekundu tu. Nimeibiwa ama natumia vibaya?
Mama Zuhura, Kisauni

Waaleikum salaam Mama Zuhura. Umeibiwa, na pia hukuelezwa namna ya kutumia, kwa hivyo ni yote mawili.

Tuanze na hio 4800. Jiwe la saizi ya AA, hili la kawaida la tochi, hata lile zuri kabisa la NiMH, aina ya nikeli ambayo ndo ya kawaida ya kuchaji, halifiki 3000. Ya kweli mengi huandikwa 1900, 2000, 2500, yakizidi sana ni 2700 au 2800 hivi. Ukiona 4800 ama 5000 jua aliyeandika alikuwa na wino mwingi. Hio namba ni mAh, yaani kiasi cha moto kinachokaa ndani, sasa mwenye mkokoteni wa maji akichukua mtungi wa lita 20 akauandika 50 kwa rangi, maji yataongezeka? Mimi nikienda dukani natia mfukoni jiwe langu moja la zamani ninaloliamini, napima kwa mikono, hili huku lile huku, manake jiwe la kweli la aina hio lina uzito wa gramu 26 hadi 30 hivi na ukishazoea mkono wajua wenyewe. Juzi nilishika moja mjini jepesi kama ganda la njugu, mwenye duka akaniambia ati hio ni teknolojia mpya. Nikamwambia haya, nikaenda zangu kunywa kahawa.

Kitu cha pili cha kusoma kwa pakiti ni kama yameandikwa kwamba yamechajiwa tayari kiwandani, hio ndo dalili ya mawe yanayotunza moto. Yale ya NiMH ya mtindo wa zamani yanapoteza chaji yenyewe hata ukiyafungia kabatini, mwezi mmoja tu robo imekwenda, na joto letu la kaskazi lazidisha. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani walitoa betri za Eneloop ambazo ukiziweka mwaka mzima bado zina moto mwingi ndani, na siku hizi kampuni nyingi zinatengeneza aina hio. Kwa mtu wa nyumbani asiyetumia kila siku 2000 inayotunza ni bora mara mia kuliko 2700 inayovujisha.

Sasa chaja. Igeuze nyuma usome yatoa mA ngapi, yaani yamimina moto kwa kasi gani. Nyingi za bei rahisi hutoa 150 hivi. Chukua namba ya jiwe ugawe kwa ya chaja, 2000 kwa 150 ni masaa 13 na kitu, ongeza kidogo kwa sababu moto mwingine hupotea njiani ukageuka joto, yafika 15 ama 16. Kwa hivyo ukichomeka saa mbili usiku chomoa saa tano asubuhi, na ile taa nyekundu achana nayo, haikwambii jiwe limejaa, yakwambia stima ipo, basi. Lakini hayo yako usiyapigie hesabu ya 4800 utayapika. Ukipata pesa kidogo nunua chaja inayochaji kila jiwe peke yake na kujizima ikimaliza, hizi zinazochaji jozi jozi jiwe moja likijaa mapema laendelea kuunguzwa likingoja mwenzake. Jiwe likipata uvuguvugu mwishoni ni sawa. Likichoma hadi huwezi kulishika, toa.

Na usichanganye, jipya na kukuu, 2000 na 2500, haifai, lile dhaifu laisha kwanza kisha wenzake wanalikamua mpaka linakufa. Yangu nimeyatia alama, manne haya doa jekundu, manne yale doa la zambarau, kwa rangi ya kucha, na mwenye rangi yake hajanisamehe hadi leo.

Mashine ya presha sasa. Mawe mapya ya alkalaini, haya ya kutupa, ni volti 1.5 kila moja, manne ni 6. Ya kuchaji ni 1.2, manne yanakuwa 4.8. Vitu vingi havijali kwa sababu hata ya alkalaini yakishatumika yanashuka mpaka hapo na kupita, ila kuna mashine ambazo kipimo chake cha betri kimewekewa mawe ya 1.5 kwa hivyo ikiona 4.8 yalia njaa mapema. Halafu ile pampu inayofurisha kitambaa cha mkononi yavuta moto mwingi kwa ghafla, na hapo ndipo jiwe la uongo laanguka kifudifudi. Tafuta kijitabu chake usome, kama kimekataza ya kuchaji tia alkalaini, kwa presha ya mama hatufanyi majaribio. Kama ina tundu la adapta, nunua adapta yake upumzike.

Fundi, nataka kubadilisha mawe ya nyumba nzima, saa tatu za ukutani na rimoti nne. Ninunue ya kuchaji mangapi?
Babu wa Tudor

Shikamoo babu. Usinunue hata moja. Saa ya ukutani yanywa moto kama kuku anywavyo maji, tone tone, jiwe moja la kutupa laenda mwaka na zaidi, ya kuchaji utakuwa umefunga pesa ukutani bure. Ya kuchaji yatie kwa vitu vinavyokula: toi za watoto, tochi, redio inayolia kutwa, kamera.

Kwako wewe adui ni kuvuja, hasa la alkalaini lililoisha likaachwa ndani. Ukikuta unga mweupe kwenye vile vispringi toa jiwe kwa kitambaa, chovya kijiti cha pamba kwenye siki ama ndimu, pangusa taratibu, kausha vizuri kabla hujatia lingine, na usijishike macho. Halafu nawaomba wazee wangu, mawe ya kutupa msiyatie kwa chaja ati yapate nguvu kidogo. Yale huvuja na mengine hupasuka.

Niaje fundi. Mimi ni wa bodaboda, nina tochi ya kichwa inatumia betri moja nono imeandikwa 18650 na 9900. Jamaa amenipa mbili zingine alizotoa kwa laptopu mbovu, moja plastiki yake imechubuka huku juu. Huwa nachaji usiku kitandani ili nisiibiwe. Kuna shida?
Dere wa Mtwapa

Shida ziko tatu ndugu yangu, na moja walala nayo.

18650 si nguvu, ni vipimo, milimita 18 upana na 65 urefu. Hio ni lithiamu, volti 3.7, ikijaa 4.2, na nzuri kabisa yakaa 3500 hivi. Ya 9900 kwa saizi hio haipo duniani. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, hizo za 9900 mara nyingi ukishika waona ziko nusu.

Za laptopu si lazima ziwe mbaya, hata mimi nimewahi kuzitumia, ila jua ya kwamba mlinzi wake alibaki kule kwenye saketi ya laptopu, kwa hivyo zenyewe hazina cha kuzizuia zisijae kupita kiasi wala zisiishe kupita kiasi, zategemea chaja yako tu. Zichaji kwa chaja ya lithiamu yenye kukata ikifika 4.2, kamwe si ile ya mawe ya NiMH. Hio iliyochubuka iweke chini kwanza. Wengi hawajui kwamba kopo lote la betri hio ni hasi, kuanzia kitako mpaka ukingoni kabisa karibu na kile kichwa chanya, kilichozitenga ni hako kaplastiki tu. Kakichubuka hapo juu, kipande cha chuma kikigusa pande mbili moto unaruka. Mafundi wanazo plastiki za kuvalisha upya zinazokaza kwa joto, avalishe ama uitupe, na ukitupa bandika selotepu kwenye vichwa na usiipeleke jaani kule kunakochomwa moto, mpe anayekusanya vyuma vya elektroniki.

Kitandani acha leo. Godoro, chandarua, shuka, vyote vinawaka na vinaziba joto lisitoke. Chaji sakafuni kwenye simiti ukiwa macho. Na ile ya akiba usiiache chini ya kiti cha pikipiki mchana wa jua, joto ndo laiua lithiamu kuliko kitu chochote. Ati lazima uimalize mpaka izime ndo uchaji, hayo yalikuwa ya betri za nikeli-kadmiamu za zamani, hii chaji hata ikiwa nusu.

Asalaam aleikum. Madrasa yetu Majengo tuna maiki isiyo na waya, yatumia betri ya mraba ya 9V. Tulinunua ya kuchaji, siku ya Maulidi ikazima katikati ya kasida, watoto wakabaki wanafungua midomo tu. Tufanyeje?
Ustadh

Waaleikum salaam ustadh, poleni. Ile ya mraba ya NiMH ndani yake wamepanga vibetri vidogo vya 1.2, kuna wanaopanga sita na kuna wanaopanga saba, kwa hivyo nje imeandikwa 9 lakini ndani ni 7.2 ama 8.4. Maiki nyingi kwa 7.2 ziko karibu kuzima tangu mwanzo. Tafuteni ya 8.4. Hata hivyo uwezo wake ni 200 mAh hivi, ya alkalaini ya kutupa yafika 500, kwa hivyo msiitegemee usiku mzima. Wekeni mbili, zichajiwe jana yake si wiki iliyopita, na mtu mmoja apewe kazi ya kubadilisha kabla watu hawajasimama. Mkinunua maiki nyingine chagueni inayotumia AA mbili, yakaa masaa mengi zaidi. Na ile mliyoitoa msiitie mfuko wa kanzu pamoja na funguo, vichwa vyake viwili viko jirani, funguo ikivigusa vyote yachoma nguo.