Dozi ya tatu niliyoikimbia

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Dada, niko kwenye dawa mwaka wa nne. Jirani anasema mwenye VVU akichanja homa ya ini anajiongezea ugonjwa. Ni kweli?"

Si kweli, mdogo wangu. Chanjo ya homa ya ini B haina kirusi hai. Tena sisi ndio tunaihitaji zaidi: VVU na homa ya ini B hupita njia zilezile, na vikikutana mwilini ini huharibika haraka.

Woga wako naujua. Mimi nilipima kwanza, nikakutwa sina maambukizi, nikachomwa ya kwanza, na ya pili mwezi uliofuata. Ya tatu ilikuwa miezi sita baada ya ile ya kwanza. Siku hiyo muuguzi aliinyanyua kadi yangu mlangoni, akauliza kwa sauti, "Huyu wa CTC naye yuko foleni hii?" CTC ndiyo kliniki yetu wenye VVU. Benchi zima likageuka. Mama niliyekaa naye bega kwa bega akakusanya kanga yake, akasogea. Nikachukua kadi yangu nikaondoka. Mpaka leo nikipita korido ile moyo unanienda mbio.

Nilikaa miaka miwili na dozi mbili. Nilimkomoa nani? Mwezi uliopita nikaenda kituo kingine, nikijua nitaanzishwa upya. Daktari akasema hapana, unaendelea ulipoishia. Nilitoka pale kifua mbele.

Basi ndugu zangu WAVIU, sisi tunaoishi na VVU, malizeni dozi. Tunameza kidonge kila siku bila kukosa, sindano tatu zitushinde? Siku ya kuchukua dawa uliza habari ya chanjo, usingoje kuulizwa. Na hali yako usimfiche mchanjaji, maana zipo chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, ambazo CD4, yaani hesabu ya askari wa kinga mwilini, ikiwa chini ya 200 hazikufai. Wenye mabinti wanaoishi na VVU, dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, wanayopewa wenzao haiwatoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau mbili, ikiwezekana tatu. Saratani ya mlango wa kizazi huwaandama wanawake wenye VVU mara sita zaidi. Malizeni dozi, jamani.

Mwezi ujao napima kama kinga imepanda, kwa sababu miili yetu huitikia chanjo ya homa ya ini B kwa uvivu. Nikiambiwa niongezewe, nitarudi.

Na wewe mdogo wangu, siku ukienda nitumie ujumbe asubuhi. Nitakuwa nawe kwenye simu mpaka jina lako liitwe.