“Prone” tunaisemaje kwa Kiswahili?

Msomaji kauliza: neno la Kiingereza “prone” nimezoea kulitafsiri “-enye mwelekeo wa”, je nikiandika “huyu bwana ana mwelekeo wa kukasirika” niko sawa?

Kisarufi hujakosea, ila hakuna mtu anaongea hivyo jamani, hiyo ni lugha ya ripoti. Na ukisema “anaelekea kukasirika” ndio umepotea kabisa, maana msikilizaji ataelewa jamaa hasira ziko njiani sasa hivi, wakati wewe unazungumzia tabia yake ya siku zote.

Sisi tunasema “mwepesi wa hasira”, basi, imeisha. Au tunaligeuza kwa kukanusha, na hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha: “hakawii kukasirika”, “hachelewi kulia”. Kile chombo kinachovunjika ovyo ni “hakikawii kuvunjika”, usiseme “chombo chepesi” maana watu watadhani unaongelea uzito wake. Mtu wa kuumwa kila mara “huandamwa na maradhi”, na eneo la mafuriko ni “eneo linalokumbwa na mafuriko mara kwa mara”, hapo huwezi kusema eneo ni jepesi la mafuriko, watu watakucheka. Kwa hiyo usitafute neno moja la kubandika kila mahali, angalia kwanza unamsema nani au nini.

Kitu kingine, “prone” kwa kawaida inaenda na mabaya, yaani ajali, makosa, magonjwa. “Mwepesi wa” haina ubaguzi huo, mtu anaweza kuwa mwepesi wa kusahau na pia mwepesi wa kusamehe, ila hiyo ya kusamehe ukimwambia Mwingereza “prone to forgive” atakukodolea macho. “Hakawii” nayo mara nyingi ina kalawama ndani yake, ukimwambia mtu “wewe hukawii kusahau” ujue umemsema.

Halafu tahadhari: neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, “pronus”, kilichoinama kwa mbele, ndio maana lina maana nyingine ya mtu kulala tumbo na uso vikiwa chini. Kwa hiyo ukiwa unatafsiri maandishi ya kitabibu ukakuta mgonjwa kalazwa “prone”, usije ukaandika ana mwelekeo wa kulala, hapo ni kalazwa kifudifudi, na aliyegeuzwa uso juu ndio yuko chali.