Baba anasoma Fatiha vizuri, akiomba maji anakwama

Pole sana, dada. Baba yako wa Muscat kusoma Fatiha bila shida tangu apate kiharusi, kisha kuhangaika midomo akiomba maji, hakumaanishi akili imepotea. Maneno yaliyozoeleka mara nyingi hutoka yenyewe. Ya kupanga upya ndiyo hukwama. Mama mkwe wangu alikuwa hivyo, herufi ya Kiarabu swadi ikitoka kama sini.

Tafuta mtaalamu wa tiba ya usemi anayejua Kiarabu: ain hutoka kooni, swadi huhitaji ulimi urudi nyuma, asiyezijua atazipimaje? Nyumbani, kaa mbele yake, neno mojamoja, polepole. Usimmalizie sentensi, tafadhali.

Akipaliwa na chai, mwone daktari leo leo. Usemi ukiharibika ghafla tena, kimbilia hospitali.